Mboji, matandazo au mimea ya kurutubisha: konde lako linataka kipi?

Shangazi yangu wa Makunduchi, Unguja, na shemeji yangu wa Mtambile, Pemba, walitumiwa video moja, wiki moja, na mtu mmoja, yaani mimi. Mtaalamu kwenye video alionyesha namna ya kuurudishia uhai udongo uliochoka: chukua samadi, changanya na majivu ya jikoni, tia shimoni, panda. Wote wawili wakafuata. Tungule (nyanya) za shemeji zikapendeza. Za shangazi zikageuka rangi, jani la manjano na mishipa ya kijani, akanipigia simu kuniuliza amenikosea nini.

Nilimpa dawa ya mgonjwa mwengine. Udongo wa Makunduchi umekaa juu ya jiwe la matumbawe na una chokaa tele tangu asili. Kutia majivu pale ni kuongeza chokaa juu ya chokaa: madini ya chuma yanakwama ardhini na mmea hauyapati. Udongo wa miteremko ya Mtambile umeoshwa na mvua miaka nenda miaka rudi hata ukawa mchachu, ndiyo maana majivu yaliufaa.

Tangu siku ile mtu akiniuliza njia ipi bora ya kurutubisha udongo, humuuliza mambo mawili kwanza. Konde liko wapi? Na hicho unachotaka kulilisha utakibeba kutoka wapi? Hilo la pili watu hulipuuza, na ndilo linalowashinda.

Kwanza ujue umesimama juu ya nini

Wazee wana majina yao na yanatosha. Kichanga ni ule mwepesi, maji yanapita kama kwenye chungio. Kinongo ni mwekundu, una kina, ndio unaobeba migomba na viungo. Kinamo ni mzito wa mabondeni, wa mpunga. Uwanda ni ule wa maweni, udongo kiganja kimoja katikati ya mawe, umetanda mashariki na kusini ya Unguja na unauona tena Micheweni. Watu husema Pemba ni milima na rutuba. Wa Micheweni wakisikia hucheka.

Vipimo viwili vya bure. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, udondoshee siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa: majivu weka mbali. Kisha chukua bonge kavu kiasi cha yai la kuku, litumbukize taratibu kwenye bilauri ya maji. Likisambaratika mara moja na maji kuwa tope, udongo hauna kitu cha kuushikamanisha, maana gundi yake hutengenezwa na mizizi, kuvu na wadudu wadogo. Fanya hivyo kwa bonge la kondeni na bonge la chini ya mwembe mkongwe ambako jembe halijapita. Mie nilifanya kwetu Dole, kwenye eka tatu alizogaiwa babu baada ya Mapinduzi ya 1964. La mwembe lilikaa kwenye maji mpaka nikamaliza chai. La kondeni halikunisubiri hata nikae.

Na wenye kinamo: methali inasema udongo uwahi ungali maji, lakini methali ile ni ya wafinyanzi. Mkulima akiuwahi kinamo ungali maji anajitengenezea matofali. Ngoja ukauke kiasi, bonge likatike bila kunata kwenye jembe.

Mboji: tamu, lakini hesabu mapakacha

Kila anayefundisha huanza na mboji, na si bure. Unapanga biwi lako tabaka kwa tabaka: vikapu viwili au vitatu vya vikavu (majani ya mwembe, nyasi, makuti yaliyokatwakatwa) kwa kimoja cha vibichi, samadi kidogo, maji ya kulowanisha tu. Biwi langu la kwanza lilikuwa la mita moja na nusu kila upande, nikachomeka kipande cha nondo katikati. Siku ya nne nilipoichomoa sikuweza kuishika kwa kiganja. Joto hilo likipita nyuzi 55 huua mbegu za magugu na magonjwa mengi. Unapindua, unafunika kwa makuti mvua za masika zisikuibie rutuba, na baada ya miezi mitatu hivi una kitu cheusi kinachonuka kama msitu wa Jozani asubuhi.

Sasa hesabu. Eka moja ni mita za mraba zaidi kidogo ya 4,000. Ukitaka kuitandaza mboji unene wa sentimita moja tu, unahitaji mita za ujazo 40. Biwi langu lilikuwa na mita tatu na kitu, likasinyaa hadi nusu. Kwa hiyo eka moja inataka mabiwi kama 24. Kwa eka tatu utaacha kulima uwe mpika mboji. Na joto la visiwani halina huruma: kinachooza polepole nchi za baridi, hapa huliwa na vijidudu mapema, kwa hiyo mwakani unaanza upya.

Ndiyo maana mboji naiweka kwenye kitalu, kwenye matuta ya mchicha na bilingani karibu na nyumba, kwenye mapolo ya waliojipandia uani huko Ng'ambo, na kwenye shimo la mgomba mpya. Konde kubwa la muhogo nimeshaacha kulidanganya.

Tahadhari mbili za kwetu. Biwi usiliweke karibu na minazi michanga, wala usiliache bila kupindua. Chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi, hutaga kwenye vitu vinavyooza. Mwaka wa pili nilipolifukua biwi nililolisahau nilikuta funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja. Kuku walifanya sherehe. Mie nilikuwa nahesabu minazi. Ya pili, taka za sokoni. Niliwahi kuuziwa mzigo nikaambiwa ni maganda matupu, nikaokota ndani yake betri, viwembe na vipande vya plastiki mpaka leo bado vinaibuka kila nikilima. Ukichukua taka za mji, chukua kwa muuza matunda unayemwona akimenya.

Matandazo: hapa shangazi ndiye mwalimu

Kwenye uwanda hakuna wa kukutandazia mita 40 za mboji, wala pa kuzitia. Kuna vishimo. Shangazi analima baina ya mawe, kila mfuko wa udongo ameuweka kichwani kama ramani. Utaratibu wake ni huu. Chini ya shimo analaza makumbi ya nazi yakitazama juu kama bakuli, yashike maji. Juu yake udongo na samadi iliyooza. Anapanda. Kisha juu ya ardhi anafunika majani na makumbi mengine, safari hii mgongo juu, yasituame maji mbu wakataga.

Nilikwenda kwake katikati ya kaskazi, jua la saa saba. Kwenye mfuko ulioachwa wazi udongo ulikuwa unachoma kidole. Hatua mbili pembeni nikainua kumbi: unyevu, ubaridi, utandu mweupe wa kuvu umeshika majani, na nyungunyungu wawili wanakimbilia chini. Jiwe lile lile, jua lile lile. "Umeona?" akaniuliza. "Na tumia kijiti kuinulia, mwanangu, usitie mkono. Tandu nao wanapenda baridi."

Kitu chengine wanachokipata watu wa pwani bure ni mwani na majani ya baharini yanayotupwa ufukweni. Yana potasiamu na madini madogomadogo, na mbegu za magugu ya shambani hayana. Kasoro yake ni chumvi. Yarundike mahali penye mwinuko yanyeshewe mvua kadhaa, kisha yaonje. Ulimi ukisema bado, ngoja.

Makuti, mabua ya mpunga, pumba za mpunga, nyasi, vyote vinafaa. Maranda ya seremala tandaza juu tu, usiyachimbie ndani, maana yakioza ndani ya udongo hunyang'anya naitrojeni ya mmea. Mchwa watakuja kwenye vikavu, hasa kiangazi, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati ya tandazo na shina. Na ndago haitishwi na chochote. Itachomoza katikati ya makuti kama sindano. Anayekuambia matandazo yanamaliza ndago hajawahi kuwa na ndago.

Lakini matandazo nayo ni mlafi. Tabaka la sentimita 10 kwa eka nzima ni mita za ujazo 400. Kwa vishimo vya shangazi, kwa migomba, kwa tungule mia mbili, sawa. Kwa eka, utamaliza majani ya jirani na jirani mwenyewe.

Mimea inayojibeba yenyewe

Hapa ndipo nilipofika mie wa eka tatu baada ya kuchoka. Badala ya kubeba rutuba kuipeleka kondeni, unaiotesha kondeni. Mimea jamii ya kunde ina vijinundu mizizini. Ndani yake wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani. Pasua kijinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unakula tu kama wengine.

Makosa yapo kwenye kuchagua mmea gani. Kila mtu hukimbilia kunde kwa sababu kunde anazijua, kisha anachuma majani ya mboga, anavuna mbegu, anang'oa mabua anampa mbuzi, halafu anasema amerutubisha. Naitrojeni nyingi imekwenda na mbegu zile. Kunde ulizozila umezila. Hilo si kosa, ila usiliandikie konde deni ambalo hukulikopesha. Ukitaka zilirutubishe konde, zikate zikianza kutoa maua, ziache palepale zioze.

Kwa anayetaka kula na kurutubisha kwa pamoja, mbaazi ni bora. Mzizi wake unakwenda chini kuliko wa kunde, unapasua udongo ulioshindiliwa, na miezi yote unayoingojea inamwaga majani chini. Mwisho unapata mbaazi za nazi za asubuhi na mandazi, na konde limekula yake.

Upupu na kanavalia, mimea mingine ya jamii ya kunde, ni ya kurutubisha hasa. Upupu uliostawi vizuri unaweza kuacha kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, ambazo ni kilo 40 kwa eka, sawa na zilizomo kwenye karibu mifuko miwili ya urea ya kilo 50. Si kwamba mazao yanayofuata yatazipata zote, lakini juu yake umepata kivuli, umepata majani, na magugu yamekosa jua. Ni ule upupu wa kufugwa usiowasha, ingawa jina tu lilitosha kumfanya jirani yangu azungukie njia ya mbali mwezi mzima. Tabu yake unapanda miti, kwa hiyo usiupande penye migomba michanga. Kanavalia ni mpole zaidi, unakaa chini, unavumilia ukavu, nao ndio ninaoupanda kati ya mistari ya muhogo. Mbegu zake kavu usizipike kama maharage, zina sumu. Panda na mvua za vuli, kata kabla ya masika.

Halafu kuna mti, mglirisidia, nao ni jamii ya kunde. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kwa visiwa hivi, ningeuchagua huu. Unakata fimbo nene kama kifundo cha mkono, unaichomeka mvua zikianza, inaota. Unakuwa ua, unakuwa nguzo ya vanila na pilipili manga, na kila miezi miwili mitatu wakati wa mvua unaukata matawi unayamwaga chini. Majani yake yana naitrojeni nyingi na huoza upesi, wiki chache tu, kwa hiyo ni chakula zaidi kuliko blanketi; ukitaka blanketi changanya na makuti. Jina lake kwa Kilatini maana yake ni muua panya, kwani huko Amerika ya Kati mbegu na magamba yake yalitumika kuwalisha sumu. Mti uliotokana na fimbo huwa na mizizi ya juujuu. Penye upepo mkali wa kusi, au kwenye uwanda ambako mzizi lazima utafute ufa wa jiwe, anza na mbegu.

Ubaya wa njia hii ni subira na mbuzi. Mwaka wa kwanza huoni kitu cha kumwonyesha mkeo. Na mifugo ya kuachiwa wakati wa kiangazi inaona konde la kanavalia kama karamu. Bila ua au makubaliano mtaani, usianze.

Samadi sijaipa sehemu yake kwa sababu si njia ya kuchagua badala ya hizi, ni kikolezo cha zote. Ya ng'ombe ni pole, ya kuku ni kali. Nilitia ya kuku ikiwa mbichi chini ya miche ya tungule, siku ya tatu yote ilikuwa kama imepitiwa na pasi. Iache ioze kwenye biwi kwanza. Chenga za makaa nazo zina sifa nyingi siku hizi. Zinafaa kwenye kichanga zikilowekwa kwanza kwenye maji ya samadi, kwenye uwanda ni hadithi ile ile ya majivu.

Mteremko: kabla ya yote hayo

Shemeji wa Mtambile alifurahia tungule zake mwaka mmoja. Masika yaliyofuata maji yalishuka mlimani yakachukua samadi, majivu na udongo wenyewe, yote yakaishia bondeni kwenye mpunga wa mtu mwengine. Kwenye vilima vya magharibi ya Pemba swali la mboji au matandazo ni la pili. La kwanza ni maji yasimame wapi.

Unahitaji kifaa kiitwacho fremu A: vijiti vitatu vilivyofungwa kwa umbo la herufi A, na uzi wenye jiwe unaoning'inia toka kileleni. Unatembea nacho kuvuka mteremko ukichomeka vigingi pale uzi unapotulia katikati. Mstari unaopata uko sawa kimo mwanzo mpaka mwisho. Hapo chimba kijifereji, udongo uutupe upande wa juu, kisha panda mmea wa kushika udongo. Wengi hufundisha vetiva, aina ya nyasi, na inashika kweli. Lakini mchaichai unashika na unauzika, unakatwa ukawa tandazo, na mananasi yanapenda uchachu ule ule uliomo kwenye vilima vile. Shemeji amepanda mistari minne ya mananasi na mmoja wa mchaichai. Chini ya mikarafuu bado anafagia peupe akikaribia kuchuma, ili zilizoanguka azione. Sijamshawishi kuacha, ila sasa anayarudisha majani baada ya mavuno badala ya kuyachoma.

Kujifunza: simu, darasa au konde la mwenzako

Video nilishasema zilinifikisha wapi. Si kwamba ni mbaya, ni kwamba anayezungumza haoni udongo wako. Zitumie kujifunza mikono: kufunga fremu A, kupanga biwi. Usizitumie kujua kipimo.

Kozi zipo. Kizimbani ndiko iliko taasisi ya utafiti wa kilimo ya Zanzibar na ndiko Chuo Kikuu cha Taifa kinakofundishia kilimo, na Fumba kumekuwa na mafunzo ya permakalcha, yaani kilimo kinachoiga mpangilio wa maumbile. Kozi inamfaa kijana anayetaka kuifanya kazi, au mtu anayeanza kutoka sifuri na ana wiki za kukaa. Kwa mwenye konde tayari na watoto wa kulisha, mie nasema shamba darasa. Mtindo huo ulianzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, ukaletwa na kwetu: kikundi kinakutana kila wiki kwenye kipande kimoja, nusu mnalima mlivyozoea, nusu mnajaribu jambo jipya, mnahesabu wadudu, mnapima, mnabishana mpaka mavuno. Kinachofundisha ni ile nusu ya pili kuwa jirani na ya kwanza. Kama mtaani kwenu hakuna, kamba moja katikati ya konde lako na vigingi vinne vinatosha kuanza.

Basi, ningechagua hivi

Una ua na matuta machache: mboji, usiangalie pembeni. Uko maweni, Makunduchi, Jambiani au Micheweni: makumbi shimoni, tandazo juu, mwani uliooshwa, mglirisidia wa mbegu ukutani mwa mawe. Una eka za kinongo au kichanga: kanavalia na mbaazi kwa zamu na muhogo, miglirisidia mistari kila mita nne hivi, mboji ibaki kitaluni. Uko kilimani: vigingi na mananasi kabla hujabeba hata pakacha moja la samadi. Bonde la kinamo nalijua kidogo kuliko hayo mengine. Ninachokifanya huko ni kuyarudisha mabua ya mpunga shambani badala ya kuyatia moto, na bonge langu limeanza kuchelewa kusambaratika kwenye bilauri.

Mie vuli hii napanda kanavalia kwenye nusu eka ya upande wa barabarani, nusu nyengine naiacha kama ilivyo, kamba katikati. Shangazi alikuja kuchukua fimbo kumi za mglirisidia kwangu nikamwambia hapana, chukua mbegu. Majivu yake anasugulia masufuria.